Marehemu Haitikii Shikamoo

Newala,
2 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Leonia,

Marahaba. Naitanguliza kwa sababu najua shikamoo yako itatoka kabla hujamaliza kufungua bahasha. Sisi huku hatujambo. Mvua imejaza tangi mpaka linamwagika, na Mama Erasto sasa ananiruhusu kuoga bila kunisimamia. Nguruwe pori wameingia kwenye mihogo yetu ya Mkunya, wamekula ile mitamu na kutuachia ile ambayo hata sisi huwa tunaipita. Hongera kwa matokeo ya kidato cha nne. Niliyasoma kwa sauti hapa maktaba, chini ya tangazo la kukataza kelele nililobandika mwenyewe.

Sasa nije kwenye neno lililonikalisha. Mwezi uliopita tuliitwa semina, wakutubi wa mkoa mzima. Binti mmoja mwenye miwani alitufundisha kwamba maktaba ya siku hizi haingoji wasomaji, inawafuata kwenye mitandao ya kijamii. Alitaja kurasa, makundi, wafuasi, kusambaza. Nilitikisa kichwa kila aliponitazama, akadhani nimeelewa, akaniomba niwasaidie waliokaa nyuma.

Ningeichekea mbali semina hiyo kama si Bwana Ebenezer. Huyu ni mwenyekiti mpya wa kamati ya majengo ya halmashauri, mgeni kutoka Singida, mtu mstaarabu. Alikuja na futi, akapima chumba cha kusomea, na ndani yake akatukuta mimi, msaidizi wangu Dunstan, na mzee mmoja aliyesinzia juu ya gazeti. Akaniambia kwa upole kwamba salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, inakuja mwezi wa sita na ghala halitoshi. Kama mpaka wakati huo chumba hakina wasomaji, kitapokea mifuko, na maktaba itabaki na meza yangu na kabati moja. Leonia, mimi ujana wangu wote umeishia katika chumba hicho. Sijui nitazungumza nini na salfa.

Kwa hiyo nifundishe. Kwa barua, tafadhali, si kwa simu. Kwenye simu unasema "ndiyo mjomba" kisha unanyamaza, nami nabaki napiga kelele nikidhani mtandao umekatika. Kwenye karatasi wewe ni msemaji. Barua mpe dereva wa basi la asubuhi, ananifahamu. Na usimwambie mama yako. Dada yangu akijua nafundishwa simu na mtoto wake, atacheka mpaka mavuno.

Au ingekuwa heri uje mwenyewe ukae nasi kidogo? Chumba cha Erasto kiko wazi tangu aende chuo.

Mjomba wako,
Nicholaus


Masasi,
9 Februari 2025

Kwa mjomba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee Mama Erasto. Huku sote wazima. Mama anaendelea na genge lake la kunde na dagaa pale sokoni, nami humsaidia kupima, kwa sababu kupima hakuhitaji maneno mengi. Mdogo wangu Alfredi ameng'oka meno ya mbele na sasa akiongea anapiga filimbi. Poleni kwa mihogo.

Nimesikitika sana kuhusu chumba cha kusomea. Ni humo nilimojifunza kusoma bila kusogeza midomo, ile likizo ya darasa la tatu ulipokuwa unaniketisha karibu na dirisha. Siwezi kukiona kikiwa na mifuko.

Mimi sina simu, mjomba. Natumia ya Mama akilala mchana. Ninayoyajua nimeyapata kwa kuwatazama wenzangu juu ya mabega yao, lakini nimetazama sana. Anza na kundi la WhatsApp, maana watu wengi huko hununua bando la WhatsApp tu. Lipe kundi jina. Weka picha ya rafu za vitabu, usiweke ile picha yako ya kitambulisho, inafanana na ya mtu anayetafutwa. Nisamehe mjomba, ni kweli. Wanachama wa maktaba wameacha namba zao kwako, lakini waombe ruhusa kabla ya kuwaingiza. Halafu kila siku weka kitu kifupi: picha ya jalada, swali, au nusu ukurasa unaokatika pale mtu anapotaka kujua zaidi, ili uliobaki aje kuusoma hapo.

Barua imekuwa ndefu. Nisalimie Bwana Dunstan.

Mpwa wako,
Leonia


Newala,
2 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumeamka vyema, isipokuwa Mama Erasto hasemi nami. Sababu utaikuta mbele. Mahindi yamebeba, mbaazi zimesimama vizuri, na Erasto ameandika kuomba nauli ya kuja Pasaka, maana yake anataka viatu.

Kundi limezaliwa. Ninaona fahari, na kidole gumba kinaniuma. Hukunionya kuhusu salamu. Nilipowaingiza tu, wadogo wote wakanipa shikamoo. Mtu akikupa shikamoo unaitikia, ndivyo tulivyolelewa. Nikamwitikia mmoja mmoja kwa jina lake na kumuuliza habari za nyumbani. Nikiwa katikati, wakubwa zangu nao wakaanza kuingia, ikanibidi niwaamkie wao. Mzee Silvano wa Kitangari, ama ananizidi mwaka mmoja ama mimi namzidi yeye. Tulibishana hilo mbele ya kadamnasi mpaka adhuhuri, na watu wakaanza kuleta ushahidi. Picha ya kitabu niliyoiweka alfajiri ilikuwa imeshafukiwa na marahaba.

Siku ya pili nikaweka sheria. Niliandika kwamba hii ni maktaba, hivyo kimya kinatakiwa, na aliyeongea nikamtoa. Kufikia jioni nilikuwa nimewatoa nusu ya wajumbe, akiwemo Mama Erasto aliyeuliza tu nitarudi saa ngapi. Siku hiyo nilikula ugali bila mboga. Sasa kundi limetulia kabisa, ni kama chumba chenyewe. Unalionaje?

Bwana Ebenezer amepita tena. Safari hii hakupima. Alisimama mlangoni, akatazama, akaenda zake. Afadhali angepima.

Hukunijibu kuhusu kuja.

Mjomba wako,
Nicholaus


Masasi,
8 Machi 2025

Kwa mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Mama ana mashaka. Nimejiunga na kundi lako kwa simu yake, na jana aliniuliza kwa nini watu wa Newala wanamwamkia kwa ujumbe wa faragha. Nilimwambia labda wanamkumbuka. Alifurahi akavaa kitenge kipya kwenda sokoni.

Mjomba, naomba uwarudishe watu wote. Anza na Mama Erasto, na umwombe radhi kwa mdomo, si kwa ujumbe. Kimya ni cha ndani ya chumba. Kundi ni kama pale nje kwenye ngazi, ambapo watu husimama wakiongea kabla ya kuingia. Wasipoongea nje hawataingia ndani. Na kuhusu salamu, andika mara moja tu asubuhi: wadogo marahaba, wakubwa shikamoo, kila mtu achukue ya kwake.

Nimefikiri pia kwamba unahitaji msimamizi wa pili, wanamwita admini, mtu anayependa watu. Nimemfikiria Bi Ziada anayekaanga mihogo mbele ya maktaba. Nilikuwa namwogopa nilipokuwa mtoto. Siku tulipomzika Bibi ndiye aliyeingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na wajomba wote wakasimama pale na majembe wakimbembeleza. Niliuliza kwa nini hafukuzwi, Mama akasema huyo ni mtani, ukoo wake na wetu ni watani tangu zamani, na mtani hakasirikiwi. Mtu asiyekasirikiwa ndiye anayefaa kwenye kundi.

Kuhusu lile jambo lingine, genge lina kazi nyingi msimu huu.

Mpwa wako,
Leonia


Newala,
11 Mei 2025

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kunyamaza tangu kwaresima. Hatujambo, njugumawe zimekomaa, na viatu vya Erasto vimenunuliwa.

Ziada ni admini. Nilipomwomba aliuliza mshahara, nikasema hakuna, akasema basi atajilipa kwangu. Na anajilipa. Ameweka picha yangu nikiwa nimesinzia mezani, akaandika chini yake kwamba mkutubi anasoma kwa ndani. Watu wameongezeka mno. Wanacheka, wanataniana, wanauliza habari za vitabu. Lakini wanacheka wakiwa majumbani kwao, Leonia. Chumba ni kilekile. Na hata wakija watakuta mapengo, maana vitabu vinavyopendwa vimeazimwa na havirudi. Nimetangaza mara nyingi virudishwe. Wamenijibu kwa kuweka kidole gumba.

Bwana Ebenezer ameandika rasmi. Tarehe ishirini na moja Juni, siku ya Jumamosi, atafika na lori la salfa. Akikuta wasomaji, lori litatafuta pengine. Asipowakuta, litashusha.

Nina mafua yaliyoshuka kifuani. Mama Erasto ananinywesha mchaichai na ameninyang'anya simu akaizima, anadai ndiyo inayonikohoza. Mama yako asijue.

Nicholaus


Masasi,
17 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama naandikia mtu.

Asubuhi Mama alikuwa anapanga dagaa, simu ikalia. Akasoma mstari wa kwanza tu, akasema, "Kaka yangu amekufa," akakaa chini katikati ya genge. Tangazo limetoka kwenye kundi la maktaba. Nilitaka kulisoma lote lakini alikuwa ameshaitia simu kwenye mkoba, amejifunga khanga mbili, anakimbilia stendi. Bi Hajira jirani yetu alijaribu kukupigia kwa simu yake. Haipatikani. Akajaribu ya Mama Erasto, inaita bila kupokelewa.

Mimi nimeachwa na Alfredi. Ananiuliza kama mjomba aliyekufa ni yule mwenye vitabu, na kila akitamka jina lako anapiga filimbi, nami nashindwa kulia vizuri.

Nimekaa nikaona basi la pili halijaondoka, nikachukua karatasi. Dereva ameahidi kuifikisha. Hata kama ni kweli, nitakuwa nimekuandikia. Nilitaka kusema kwamba sikuja kwa sababu naogopa watu, si kwa sababu ya genge. Genge halina kazi nyingi hata kidogo.

Kama uko hai naomba unijibu.

Leonia


Newala,
20 Mei 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako kwa marehemu imefika, na marehemu ameisoma akalia kidogo. Najua mama yako alimpigia Bi Hajira jioni ileile, kwa hiyo sikupi habari mpya nikisema ni mzima. Lakini hakukusimulia yote, kwa sababu alikuwa na hasira, kisha akawa na kicheko, na vyote viwili vinamaliza salio.

Tangazo lenyewe hili hapa, nimelinakili kama lilivyo:

"TANZIA. Baba Erasto, mkutubi wetu, hatunaye. Amefariki kwa ugonjwa wa kungoja wasomaji. Mwili umeketishwa kwenye kiti chake cha kila siku. Shughuli ni leo saa nane mchana katika chumba cha kusomea. Kila mwombolezaji aje na kitabu alichoazima. Asiye na kitabu aje asome. Ni mimi mtani wenu katika huzuni, Ziada."

Wenyeji waliolisoma mpaka mwisho walijua ni utani. Wengi hawakufika mwisho. Mimi sikuwa na habari, simu haikuwa mikononi mwangu, na Mama Erasto alikuwa shambani, yake ameiacha nyumbani. Nilikuwa mezani napiga mihuri, nikaona wanawake wanaingia wamejifunga khanga, kila mmoja na kitabu kwapani. Mzee Silvano aliingia na kile cha kilimo cha korosho alichokaa nacho tangu mvua za mwaka juzi, akakiweka mbele yangu, akanitazama, akasema, "Pole kwa msiba wako." Ziada alikaa mlangoni na karai la mihogo. Asiyekuja na kitabu hakupita mpaka akubali kukaa na kusoma. Viti havikutosha. Watu walisoma wakiwa wamesimama dirishani.

Mama yako alifika saa tisa. Aliingia akilia kwa sauti, akanikuta nakunywa chai. Aliinama, akavua kiatu. Nilizunguka meza mara kadhaa. Dunstan ni shahidi.

Bwana Ebenezer naye alikuja na uso wa msiba na salamu za rambirambi kutoka ofisini. Walimzuia mlangoni kama wengine. Nilidhani atakasirika, kumbe kwao Singida nako watani wapo, na anajua mtani hupewa haki yake. Alisoma gazeti hadi jioni. Alipoaga aliniambia, "Leo nimeona waombolezaji, Mzee. Tarehe ishirini na moja nitakuja kutafuta wasomaji."

Sasa sikiliza kilichobaki. Usiku ule nilijaribu kuwaamkia watu kwenye kundi. Ziada akaufuta ujumbe wangu, akaandika, "Marehemu haitikii shikamoo." Watani wamekaa wakaamua kwamba mimi ni maiti mpaka arobaini yangu, tarehe ishirini na sita Juni. Na kwa kuwa kwetu mjomba hurithiwa na mtoto wa dada, wamesema kiti changu na kundi ni vya mpwa. Mama yako alikubali kabla sijafungua mdomo. Mpwa huyo ni wewe.

Njoo, Leonia. Walikuja mara moja kwa ajili ya mzaha. Mara ya pili watahitaji sababu, na mimi nimekatazwa kuitoa.

Marehemu mjomba wako,
Nicholaus


Masasi,
23 Mei 2025

Kwa mjomba mpendwa,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa uhai wako, na Mama amekirudisha kiatu mguuni.

Siwezi. Shuleni nilipoitwa kusoma mbele ya darasa nilikuwa nasema nina kikohozi, mpaka mwalimu mmoja akanipeleka kupimwa. Watu wakinitazama sauti huniacha, na haisemi inarudi lini. Watakuja, nitanyamaza, wataondoka, na chumba kitakuwa kimepotea kwa sababu yangu.

Mpeni Erasto. Najua kwetu mtoto wa mtu si mrithi wake, lakini mwombeni Bi Ziada afumbe jicho moja.

Leonia


Newala,
26 Mei 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Sitakusukuma. Ziada amekataa kufumba jicho, hata moja. Amewatangazia watu kwamba mrithi yumo ndani bado kama mwali, atatolewa muda ukifika.

Chumba kina watu wawili leo. Juzi kilikuwa na watano.

Mzee Silvano ameandika kwenye kundi. Maua ya mikorosho yake yameanza kufunikwa na unga mweupe, na anauliza afanye nini. Jibu limo katika kitabu kilekile alichokirudisha, lakini alikuwa anakitumia kuwekea redio. Ameliandika swali lake kwa mrithi. Mimi marehemu siruhusiwi kujibu, na Dunstan anaogopa simu kama moto.

Kitabu nimekitia kwenye bahasha hii pamoja na barua. Usijisumbue kama huwezi.

Nicholaus


Masasi,
1 Juni 2025

Kwa mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Alfredi ameota jino moja, filimbi imepungua.

Kitabu kilikaa juu ya kabati siku nzima nikikipita. Nikamwonea huruma Mzee Silvano, kwa sababu maua hayangoji mtu aache aibu. Nilitaka kumwandikia, lakini maelezo ni marefu, na Mama akasema wazee wengi kwenye kundi macho yao hayaoni herufi ndogo. Akanipa simu. Akasema nirekodi sauti, hakuna atakayeniona.

Nikaingia stoo, nikakaa kati ya magunia ya kunde, nikafunga mlango. Rekodi ya kwanza ilikuwa pumzi tupu. Ya pili pia. Ya tatu nilifumba macho nikajiambia kwamba nawasomea kunde. Nikasoma kuhusu ubwiriunga, unavyoanza kwenye maua machanga, na kwamba salfa hupulizwa alfajiri kabla upepo haujaamka, si mchana. Katikati Mama alifungua mlango kuniuliza bei ya kunde nyekundu, na hiyo nayo imo. Nikaituma, nikaficha simu chini ya gunia.

Nilipoitoa nilikuta Mzee Silvano ameandika, "Shikamoo mjomba."

Yeye ni wa rika lako, mjomba. Nilikaa nikiyatazama maneno hayo. Bi Ziada akaandika, "Mrithi, mzee anangoja na miguu inamuuma." Niliandika marahaba, nikaifuta. Niliiandika tena, nikaituma, nikacheka peke yangu stoo mpaka Mama akaja kuona kama niko salama. Baada ya hapo ikawa mvua. Wote wanataka niendelee na ukurasa unaofuata, na mmoja anauliza hizo kunde nyekundu zinauzwaje.

Bi Ziada amewajibu kwamba ukurasa unaofuata hautumwi. Utasomwa maktaba, kila Jumamosi asubuhi, kwa sauti, na kila atakayekuja atapewa aya yake ya kusoma. Asiyejua kusoma atasikiliza na kuuliza. Hakuniuliza kwanza.

Mjomba, ninaogopa. Nitakuja Jumatano. Mama anasema maiti haikai kazini, kwa hiyo uchukue likizo yako uje upumzikie Masasi, umsaidie kupima kunde mpaka arobaini. Bwana Dunstan atafungua na kufunga. Mimi nitashika simu.

Leonia


Newala,
21 Juni 2025

Kwa mjomba mpendwa, uliyelala Masasi,

Shikamoo. Mama Erasto mzima, amepika ming'oko jana, vile viazi vya porini, na amenituma nikuambie kwamba umeikosa. Huku baridi imeingia, asubuhi ukungu unakaa barazani kama mgeni. Alfredi asikose kunawa miguu.

Nakuandikia Jumamosi hii hii.

Jumamosi ya kwanza walikuja wanne, nikasoma nikitazama meza. Ya pili walijaza benchi zote. Leo nilianza kuwahesabu nikaacha. Wanawake wa Mkunya walifika na watoto mgongoni, Mzee Silvano alikuja na majirani zake wa Kitangari, na Bi Ziada aliacha karai lake likaungua, akaja akakaa mbele. Tulikuwa tunasomeana kwa zamu. Mwanaheri, mkaza mwana wa Mzee Silvano, alikuwa anasoma polepole, herufi kwa herufi, na watu wote wanamngoja bila kumsaidia, kwa sababu alikataa kusaidiwa.

Lori likasimama nje. Nililisikia kabla sijaliona. Bwana Ebenezer akaingia, akasimama nyuma na kofia mkononi. Watu wakageuka. Mwanaheri akanyamaza. Bwana Ebenezer akauliza kwa upole nani anasimamia hapa.

Nilimtazama Bi Ziada. Naye akatazama dari. Watani wote walitazama dari, mjomba, benchi nzima, kisha wakaninyooshea vidole bila kushusha macho.

Nikasimama. Sauti haikuwepo, nikaingoja. Ilipokuja nikasema, "Ni mimi. Karibu ukae, baba. Dada Mwanaheri bado hajamaliza aya yake, ya kwako ni inayofuata."

Akakaa. Mwanaheri akamaliza, tukampigia makofi. Kitabu kikapelekwa kwa Bwana Ebenezer. Nakuapia sikupanga, ni zamu tu zilivyoangukia. Aya yake ilikuwa ya kuhifadhi salfa. Ana sauti nzuri, ya mtu wa kwaya. Akasoma kwamba salfa iwekwe mahali pakavu, penye hewa, mbali na chakula na mbali na chumba chochote wanamokaa watu.

Watu wakajizuia wasicheke. Hata Bi Ziada alijizuia, ingawa mabega yalikuwa yanaruka.

Bwana Ebenezer alirudia aya ile kimyakimya. Halafu yeye ndiye aliyeanza kucheka, na chumba kizima kikamfuata. Aliniambia kwamba alipoona watu walivyojaa alikuwa ameshaamua, ila alikuwa hajui aandike nini kwenye taarifa, sasa anajua. Akatoka, akaongea na dereva, na lori likaondoka kwenda ghala la chama cha ushirika. Wataibana mifuko yao huko hata ikibidi wailaze chini ya turubai. Yeye akarudi ndani, akauliza kama zamu inazunguka.

Chumba kipo, mjomba. Ni cha kusomea.

Alhamisi utafufuka, na watani wameandaa jogoo, sijui ni wa kukupa au wa kukudai. Kundi nitalirudisha mikononi mwako kama lilivyo, lenye watu wengi na kelele nyingi. Bwana Ebenezer ameuliza kama ningependa kuendelea kujitolea hapa mpaka nafasi za masomo zitoke. Nilisema nitafikiri.

Mwambie Mama asiendelee kunitumia gauni mojamoja na dereva. Atume begi lote.

Mpwa wako,
Leonia